Simu za kibodi ya kuteleza zilishindwa na nini?

Mwaka 2005 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, waliwapa watu 14 kibodi ndogo za kuchapa kwa vidole gumba, zile za ukubwa wa kiganja ambazo Dell na Targus waliziuza kwa watumiaji wa kompyuta za mfukoni. Kila mmoja alifanya vipindi 20 vya dakika 20. Katika kipindi cha kwanza wastani ulikuwa maneno 31 na ushei kwa dakika; kufikia kipindi cha mwisho ulikuwa umefika 60. Miaka 14 baadaye, watafiti wa vyuo vikuu vya Aalto, Cambridge na ETH Zurich walipima uchapaji wa watu zaidi ya 37,000 kwenye simu za kupangusa. Wastani ukawa maneno 36.

Vipimo hivyo viwili haviwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Wale 14 walinolewa mpaka wakaiva. Wale 37,000 waliingia mtandaoni, wakapimwa mara moja, wakaenda zao. Hata hivyo, ukishapunguza kila kinachostahili kupunguzwa, bado kuna jambo linalotaka maelezo. Kibodi yenye vitufe halisi, mtu akiizoea, ilikuwa chombo kizuri sana cha kuandikia. Na simu janja iliyojaribu kuipa kibodi hiyo maisha marefu zaidi, ile ambayo skrini inateleza na kuacha safu za vitufe wazi chini yake, ilitoweka madukani ndani ya miaka michache tu.

Jibu la haraka ni kwamba iPhone ilikuja mwaka 2007 ikafagia kila kitu. Tarehe zinalikataa jibu hilo. Simu janja za kuteleza zilistawi kati ya 2008 na 2012, yaani baada ya iPhone, na kwa kiasi kikubwa kwa sababu yake. Steve Jobs alipoizindua iPhone mjini San Francisco tarehe 9 Januari 2007, alizilaumu simu janja za wakati huo kwa mambo mawili. La kwanza, vitufe vyake vipo tu, uvihitaji usivihitaji, vikila karibu nusu ya uso wa simu. La pili, vikishatoka kiwandani havibadiliki, hata kama programu itakayokuja kesho itataka vitufe vya aina nyingine. Kibodi ya kuteleza ililijibu la kwanza barabara: ukiihitaji unaivuta, ukimaliza unairudisha, uso wote unabaki kioo. La pili halikujibiwa kamwe, na baadhi ya yaliyoziangusha simu hizi yalipitia mlango huo.

Wazo lenyewe lilikuwa na umri tayari. Mwaka 2002 kampuni changa ya Danger ilitoa Hiptop, ambayo T-Mobile ya Marekani iliiuza kwa jina la Sidekick. Skrini yake haikuteleza, ilizunguka nusu duara na kufunua kibodi pana. Mashabiki wake walikuwa vijana, wasanii na, kwa namna ya pekee, viziwi wa Marekani, ambao sasa walikuwa na simu waliyoweza kuitumia kutwa nzima bila kumsumbua mkalimani. Upande wa pili, HTC ya Taiwan ilikuwa ikitengeneza simu za Windows Mobile zenye kibodi ya kuvuta kwa ubavu tangu 2005, na nyingi ziliuzwa zikiwa na majina ya kampuni nyingine. Njia hizo mbili zilikutana. Andy Rubin, mmoja wa waanzilishi wa Danger, alikwenda kuanzisha Android. Android ikanunuliwa na Google. Na simu ya kwanza ya Android ikatengenezwa na HTC.

Simu hiyo, T-Mobile G1, ilizinduliwa New York tarehe 23 Septemba 2008. Ilikuwa na unene wa milimita 17 na betri ya mAh 1,150, na ilikuwa na jambo ambalo leo ni vigumu kuliamini: Android ya kwanza haikuwa na kibodi ya kwenye skrini kabisa. Mtu aliyetaka kuandika hata neno moja la kutafuta kwenye Google alilazimika kuigeuza simu, kuisukuma skrini na kuchapa kwa vitufe. Kibodi ya kioo ilikuja na toleo la 1.5, Aprili 2009. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ya mwanzo, vitufe ndiyo njia pekee ambayo mfumo unaotawala simu za dunia leo ulijua kuandikia.

G1 haikuwa rahisi kushika. Sehemu yake ya chini ilichomoza kama kidevu, na simu ikilazwa kwa ubavu kidevu hicho kilibaki upande wa kulia, kikimlazimu mchapaji kukizungusha kidole gumba kuvifikia vitufe. Walioizoea waliipenda hivyohivyo.

Aliyeigeuza kibodi ya kuteleza kuwa silaha ya biashara ni Verizon. Mwaka 2009 iPhone ilikuwa mali ya AT&T peke yake nchini Marekani, na Verizon, mtandao mkubwa zaidi, haikuwa na cha kuwaonyesha wateja. Novemba mwaka huo ikatoa Motorola Droid kwa matangazo yaliyoorodhesha yale ambayo iPhone haiwezi. La kwanza kwenye orodha lilikuwa kukosa kibodi ya kweli. Na Droid haikuwa jiwe: unene wake ulikuwa milimita 13.7, dhidi ya 12.3 za iPhone 3GS. Milimita moja na nukta nne kwa kibodi nzima ni bei ambayo mnunuzi wa mwaka 2009 angeweza kuilipa bila manung'uniko, ingawa vitufe vyenyewe vilikuwa bapa mno na wakosoaji hawakuacha kuvisema.

Sasa tazama kilichofuata. Verizon ilianza kuuza iPhone Februari 2011. Sprint ilifuata Oktoba mwaka huohuo. T-Mobile ilibaki nyuma mpaka 2013. Ukipanga simu za mwisho za Android zenye kibodi ya kuteleza sokoni Marekani, utaona zinafuata karibu mstari huohuo: Droid 4 ya Verizon Februari 2012, kisha Photon Q ya Sprint na Galaxy S Relay ya T-Mobile baadaye mwaka huo. Baada ya hapo zilibaki chache za bei ya chini. Si haki kusema kwamba kampuni za simu zilipenda vitufe. Zilipenda kuwa na kitu ambacho AT&T haina, na zilipoipata iPhone hazikuwa na sababu ya kuwashinikiza watengenezaji waendelee.

Motorola yenyewe inatoa mfano ulio wazi kuliko nadharia yoyote. Mwishoni mwa 2011 ilitoa Droid Razr, yenye milimita 7.1 tu. Mwanzoni mwa 2012 ikatoa Razr Maxx, yenye unene wa milimita 9 hivi na betri ya mAh 3,300. Wiki chache baadaye ikatoa Droid 4, yenye kibodi nzuri kuliko zote ilizowahi kutengeneza: safu tano, tarakimu zikiwa na safu yao, taa ikizunguka kingo za kila kitufe. Unene ulikuwa milimita 12.7, betri mAh 1,785, karibu nusu ya Maxx, nayo haikukusudiwa kutolewa na mtumiaji. Simu zote tatu zilikaa kwenye duka moja la mtandao mmoja. Mteja aliyesimama pale hakuwa akichagua kati ya kibodi na hewa tupu. Alikuwa akichagua kati ya kibodi na siku nzima bila kutafuta chaji, na wengi walijua wanachotaka.

Nafasi ndani ya simu ndiyo gharama ya kwanza ya kuteleza, lakini si pekee. Simu ya namna hii ni vipande viwili vinavyopaswa kuwasiliana wakati vinasogea. Kinachoviunganisha ni mkanda mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba ndani, ule ambao mafundi huuita fleksi. Kila simu ikifunguliwa mkanda hujikunja, ikifungwa hukunjuka, na shaba haina subira isiyo na mwisho. Fundi yeyote aliyefanya kazi Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, enzi za simu ya kuteleza ya Nokia N95, anaijua dalili: simu inaita vizuri, lakini ukiisukuma skrini inakuwa nyeupe, ukiirudisha nusu, picha inarudi, ukiibana kwa kidole mahali fulani, inakaa. Dawa ni fleksi mpya, na kuifikia lazima simu ifunguliwe yote. Simu ya kioo kitupu ina udhaifu wake, hasa inapokutana na sakafu ya saruji, lakini haichakai kwa kutumiwa tu.

Chini ya kila kitufe kuna kibati kidogo cha chuma kilichobinuka. Kidole kikikandamiza, kibati hubonyea kwa kishindo kidogo kinachosikika zaidi kwenye ncha ya kidole kuliko sikioni, na mkono unajua kwamba herufi imeingia kabla jicho halijatazama. Ndiyo maana mtu aliyezoea aliweza kuandika akiwa anamwangalia anayezungumza naye. Kioo, hata kikitetemeshwa, bado hakijaweza kumwambia mwandishi kidole chake kiko kwenye kitufe kipi kabla hajakibonyeza.

Nokia ilikuwa na vibati vizuri na bado ikaanguka, na hapo kuna funzo la aina nyingine. N97 ilitangazwa Desemba 2008 na kuingia sokoni katikati ya 2009, kibodi yake ikichomoka kwa bawaba iliyoinua skrini kama kompyuta ndogo. Ilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 32, ila sehemu iliyotengwa kwa mfumo na programu ilikuwa finyu kiasi kwamba simu ilidai imejaa huku imebaki tupu. Skrini yake ilitaka kukandamizwa wakati dunia ilikwishazoea kugusa tu. Anssi Vanjoki, mmoja wa wakuu wa Nokia, alikiri hadharani mwaka uliofuata kwamba ubora wa simu hiyo uliwaangusha wateja vibaya. Simu ya pili, N900 ya mwishoni mwa 2009, ilikuwa karibu kompyuta kamili ya Linux yenye gramu 181, na iliabudiwa na waandishi wa programu. Lakini Nokia iliubadilishia jina na mwelekeo mfumo wake, Maemo, kabla haujakua. N97 na N900 hazikuuawa na kibodi. Kibodi ilizikwa pamoja nazo.

Lililobaki ni lile la pili la Jobs: vitufe havibadiliki.

Kiwanda kinachotengeneza simu ya kioo hutengeneza moja kwa dunia nzima. Lugha huchaguliwa siku simu inapowashwa. Kiwanda cha simu ya vitufe lazima kijue mapema Wajerumani wangapi watanunua, maana kwao Z iko mahali pa Y, na Wafaransa wangapi, maana wao huanza na A, kisha Warusi na Waarabu wenye herufi zao. Kila toleo ni akiba yake ghalani. Ukikosea hesabu, una maelfu ya simu za Kirusi zinazongoja wateja huko Hispania. Kiswahili, kwa bahati, hakingemsumbua mtu hapa: hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo kibodi ya Kiingereza inakitosha, ukiondoa ule usumbufu wa kutafuta kikato cha ng'ombe. Kwa vijana wanaoandika xaxa na xana, hata X ina kazi.

Kisha zikaja emoji. Mwaka 2010 ziliingizwa kwenye viwango vya Unicode, mwaka uliofuata Apple ikaweka kibodi yake ya emoji wazi kwa wateja wa dunia nzima, na ghafla sehemu kubwa ya maandishi ya simu ikawa ni picha ambazo hakuna kitufe kinachoweza kuzibeba. Mwenye kibodi ya kuteleza alilazimika kuacha vitufe, kugusa kioo, kuchagua uso unaocheka, kisha kurudi. Kioo, wakati huo, kilikuwa kinajifunza. Swype, ambayo Cliff Kushler, mmoja wa wabunifu wa T9 ya kuandikia kwa vitufe tisa, alishiriki kuibuni, ilimruhusu mtu kuburuta kidole bila kukiinua. SwiftKey ya London ilibashiri neno lijalo. Utafiti ule wa 2019 uligundua kwamba kusahihishwa na simu kunamwongezea mtu kasi, ingawa kusimama kuchagua maneno yanayopendekezwa kunampunguzia.

Kwa mwandishi wa Kiswahili faida hiyo ilichelewa. Kamusi ya simu iliyowekwa Kiingereza haikujua la kufanya na maneno kama tulivyokuwa au hawatakuja, na wengi walijifunza kuzima usahihishaji kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza. Neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati, rejeshi na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo orodha ya maneno peke yake haifui dafu. Hapa ndipo vitufe vingekuwa na hoja nzito kuliko huko Ulaya: kitufe hakikisii, kinaandika ulichobonyeza.

Hoja hiyo haikupata nafasi ya kujaribiwa, kwa sababu simu zenyewe hazikufika Afrika Mashariki kwa wingi. Droid ya kwanza ya Verizon ilitumia mtandao wa CDMA na haikuwa hata na nafasi ya laini. Aliyeletewa zawadi hiyo na ndugu yake wa Marekani alibaki na kifaa cha Wi-Fi. Photon Q ilikuwa na laini iliyofungiwa ndani kiwandani, na wapenzi wake wachache walijifunza kuichokonoa ili kuweka nafasi ya laini ya kawaida. Kwa Wakenya wengi Android ya kwanza ilikuwa Huawei Ideos, iliyoletwa na Safaricom mwaka 2011 kwa bei ya karibu dola 100. Ilikuwa ya kupangusa tu. Hakuna simu ya kuteleza ambayo ingefikia bei hiyo, na aliyetoka kwenye kitochi akaingia kwenye kioo hakuwa na kibodi ya kuililia. Mwaka 2013 WhatsApp ikaongeza ujumbe wa sauti, na hata sababu ya kuandika ikapungua.

Kuna kikwazo kimoja zaidi ambacho wapenzi wa kibodi hawapendi kukitaja. Simu nyingi za kuteleza zilitumika zikiwa zimelala. Programu zilizoitawala dunia baada ya 2010 zilitengenezwa kwa simu iliyosimama, na Instagram ilikataa kabisa kugeuka. Mtu anavuta kibodi, na picha inalala ubavu. Palm Pre ya 2009 na BlackBerry Torch ya 2010 zilikwepa tatizo hili kwa kuteleza kwenda juu, kibodi ikibaki chini ya skrini iliyosimama, lakini upana huo ni mdogo, vitufe vikabanana. HP iliinunua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 na kufikia Agosti 2011 ikaacha kutengeneza simu zake. BlackBerry ilirudia mtindo huohuo mwishoni mwa 2015 kwa Priv, simu yake ya kwanza ya Android, kwa dola 699. Mkuu wake, John Chen, baadaye alikubali kwamba kuanza na simu ghali vile hakukuwa uamuzi wa busara, na Septemba 2016 kampuni ikatangaza kuacha kujitengenezea simu.

Waliojaribu baada yao ni wadogo, na majaribio yao yanaeleza uchumi wa jambo hili vizuri kuliko kushindwa kwa wakubwa. F(x)tec ya London ilitoa Pro1 mwaka 2019, simu ya inchi 5.99 yenye bawaba iliyosifiwa na kibodi ya safu tano, kwa pauni 649, ikitumia chipu ya Snapdragon 835 iliyokwishapitwa na wakati. Ilipochangisha fedha za toleo la Pro1 X mwaka 2020, chipu hiyo haikupatikana tena, ikabidi watumie Snapdragon 662, na waliolipa wakasubiri hadi 2022. Planet Computers, pia ya London, ilimtumia Martin Riddiford, aliyesanifu kompyuta ya mfukoni ya Psion Series 5 ya mwaka 1997, kuunda simu ya kuteleza ya Astro Slide. Nayo ilichangiwa 2020 na kufika 2022. Wateja walikuwapo, tena wenye fedha mkononi na uvumilivu wa ajabu. Lakini msambazaji wa chipu akiwa na mnunuzi wa mamilioni na mwingine wa maelfu, hakuna anayeshangaa nani anasubiri.

Walioshikilia zile za zamani hawakungoja mtu. Droid 4, iliyotupwa na Verizon na Motorola, imekuwa moja ya simu zinazopendwa na watengenezaji wa Linux ya mfukoni, na mradi wa Maemo Leste huipa mfumo wa kisasa wenye sura ya N900. Kwao safu ya tarakimu ni kifaa cha kazi: wanaandika amri, na amri haivumilii kusahihishwa.

Jaribio lililopata njia tofauti ni Clicks, la mwaka 2024, ambalo lilianza kama kava la iPhone lenye kibodi chini yake, kwa dola 139. Halitelezi, linairefusha simu mpaka mfuko unalalamika, na halitoi ule upana wa mikono miwili uliofanya G1 au Droid 4 zipendwe. Lakini limeihamisha gharama. Apple haibebi unene, fleksi wala ghala la vitufe vya Kijerumani. Anayeandika sana ndiye anayelipa, na siku asiyoandika anaivua simu yake na kuliacha kava mezani.